Nani Alipunguza Mafuta?

Katika miji yetu habari ya namna hii si ngeni: nyumba fulani ya chakula, iliyopendwa na mtaa mzima, imefungwa. Watu wanasimama mbele ya mlango wenye kufuli, wanatikisa kichwa, wanasema: «Imekufa.» Husema hivyo kana kwamba nyumba ile ilipigwa na radi usiku mmoja. Lakini nyumba ya chakula haifi kwa radi. Inakufa kijiko kwa kijiko, sahani kwa sahani, miaka kumi, miaka ishirini. Na kwa kuwa inakufa polepole namna hiyo, kila mtu anapata nafasi ya kunawa mikono yake kama Pilato.

Basi hapo ndipo tunapotaka kuuliza. Jambo jema likipungua kidogo kidogo, na kila mara mwenye kulipunguza akiwa na sababu ya kweli, je, kosa liko wapi? Wengine watajibu: hakuna kosa, ndiyo maisha. Wengine watasema: kosa ni la mwenye chungu, maana ndiye aliyeshika mwiko. Jibu la kwanza hatulikubali, na la pili twaliona ni la haraka mno.

Tutwae mfano mmoja, tusije tukasema hewani. Nyumba yenyewe ilikuwa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, si mbali na soko. Jina la mama mwenye nyumba hatulitaji, maana yu hai, na sifa ya mtu ni mali yake. Alianza kupika katika miaka ya 1970, chini ya bati, na meza nne na mabenchi yake. Siku hizi watu wangeiita malewa. Zamani zile walisema tu «kwa mama». Chakula chake kilikuwa kile mnachokijua wote: bukari ya mahindi iliyochanganywa na unga wa mihogo, sombe iliyotwangwa vizuri na kulala katika mafuta ya mawese, maharagi, lengalenga, na samaki wa Kasenga waliotoka mto Luapula. Siku za Posho kulikuwa na ndoo ya munkoyo. Watu wa mgodi walikula pale, na watu wa reli, na walimu, na wabeba mizigo wa sokoni. Mtu akimaliza bukari yake kabla ya mboga, aliongezewa donge la pili bila kulipa. Na kila siku saa sita mama alifunika sahani moja na kuiweka pembeni, kwa ajili ya mtu atakayekuja bila franka: mjane, mzee, mwanafunzi aliyetoka mbali. Hakuna aliyeulizwa kabila lake. Mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, na ujirani wa zamani ukageuka woga, benchi la nyumba ile lilikuwa bado na watu wa pande zote mbili, wakinawa katika bakuli moja. Twalisema jambo hili ili mwelewe kwa nini watu waliipenda nyumba ile. Haikuwa sombe peke yake.

Sasa tusikie namna ilivyopungua.

Katika miaka ya 1980 kati, Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kila mwaka, na mji mzima ulikula kwa shaba ile, hata yule asiyeshika sepeto. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1991 maduka na viwanda vikaporwa. Ikafika mwaka 1994, shaba iliyotoka haikufika tani 40.000. Mishahara ikachelewa, mwezi mmoja, miwili, kisha watu wakaacha kuhesabu. Na fedha yenyewe ikageuka majani makavu: Oktoba 1993 zaire 3.000.000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire moja mpya, na mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikabadilishwa kwa franka moja.

Mama apikaye angefanya nini? Asubuhi ananunua unga kwa bei moja, jioni bei nyingine. Akaondoa kwanza lile donge la pili. Hakuna aliyenung'unika. Kisha samaki mzima akawa nusu samaki, na baadaye si samaki wa Kasenga tena, bali samaki wa barafu kutoka baharini, wale wanaoitwa tomsoni. Kisha mafuta. Pale palipokuwa na vijiko viwili vikubwa vya mawese pakawa na kimoja, na kile cha pili kikawa maji. Wakati uleule akanunua daftari la shule, akaanza kuandika majina ya wale waliokula kwa deni.

Hata hapa sisi hatuoni dhambi, au karibu hatuoni. Wakubwa wa elimu ya maadili wamefundisha tangu zamani kwamba hakuna mtu anayelazimishwa kutenda asiloweza. Mwenye unga kidogo anapika bukari kidogo. Yule mjane wa Sarepta hakumpa nabii Eliya karamu. Alimpa mkate mdogo, na Mungu akaupokea.

Tumesema «karibu», na neno hili tulifafanue. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliuliza katika karne ya 13 kama muuzaji ana lazima ya kusema kilema cha kitu anachokiuza. Jibu lake, tukilitoa kwa maneno yetu, ni hili: kilema kilicho wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kukitangaza, maana mnunuzi ana macho, mradi bei ipunguzwe kama inavyostahili, lakini kilema kilichofichika, chenye kumtia mnunuzi hasara au hatari, lazima kisemwe. Basi nusu samaki ni farasi mwenye jicho moja. Kila mtu anaiona, anaweza kula au kuondoka. Maji ndani ya mafuta si hivyo. Rangi ya mawese ina nguvu, inaweza kuficha mengi. (Wanaonunua unga sokoni wanajua ndugu ya hila hii: lile kopo la kupimia lililobonyezwa chini, linaloonekana limejaa. Nabii Amosi aliwakemea watu wa makopo hayo zamani sana, wala hakuuliza kama walikuwa na sababu.) Mama yule hakuficha kwa kutaka utajiri. Aliona haya. Aliona haya kuwaambia watu aliowalisha miaka ishirini: «Wanangu, mafuta yamenishinda.» Haya si wizi. Lakini haya ndiyo iliyofungua mlango, na kwa mlango ule vingine vikapita.

Yaliyofuata ndiyo yanayotutia mashaka kuliko yote.

Shida ile ilipita. Hatusemi ilipita kwa wote, wala kwa haki. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipewa fedha ya kuondoka kazini, na wengi wao hawakupata kazi nyingine hata walipokufa. Lakini sheria mpya ya migodi ya mwaka 2002 ilileta kampuni nyingi, shaba na kobalti zikapanda, na mwaka 2014 nchi yetu ilipita tani 1.000.000 za shaba, kipimo ambacho Gécamines haikukifikia hata katika siku zake njema. Malori yakajaa barabara ya Kasumbalesa. Watu wakajenga. Katika mtaa wa Kenya wenyewe franka zikaonekana tena mikononi.

Je, kile kijiko cha pili cha mafuta kilirudi chunguni? Hakikurudi.

Hakuna aliyeamua kisirudi. Mama alikuwa amezoea kukaanga kwa kijiko kimoja. Mkono wake haukukumbuka tena cha pili. Wasichana waliomsaidia hawakuwahi kukiona. Kwao, sombe ya kijiko kimoja na maji ndiyo sombe ya nyumba. Twaona hapo jambo linalotazamwa kidogo sana katika mahubiri na katika vitabu. Tunafundishwa kupima tendo siku linapotendwa: je, kulikuwa na lazima? Kulikuwa na nia njema? Vema. Lakini lazima ina mwanzo na mwisho kama masika. Mvua inapoacha, mtu anafunga mwavuli, maana anaona jua. Lazima ya nyumbani inapoacha, hakuna kengele inayopigwa. Mtu aliyepunguza kwa kulazimishwa anaendelea kupunguza kwa mazoea, na moyoni mwake bado anajisikia ni yule aliyelazimishwa. Ndiyo maana hawezi kuungama: anatafuta siku aliyokosa, haioni. Kweli siku ile haipo. Ipo asubuhi moja tu ambayo angeweza kurudisha kijiko, na asubuhi ile ilipita kama nyingine.

Wasomaji wengi wataridhika hapa, watasema: kumbe kosa ni la mama. Ngojeni kidogo, tulifungue lile daftari.

Daftari nalo lilianza kwa lazima. Mtu asiyelipwa mshahara miezi minne hawezi kulipa sahani yake. Akila kwa deni si mdanganyifu. Lakini mishahara iliporudi, au mtu alipopata kazi mpya, au duka, au teksi, je, alilipa? Wachache walilipa. Wengine waliendelea kusema: «Mama, andika,» kwa sauti ileile ya mwaka 1993, wakiwa na simu mbili mkononi. Walikuwa wamezoea, kama mama alivyozoea. Deni la njaa likawa deni la desturi. Na tazameni namna mazoea haya mawili yalivyolishana: mama hakuweza kurudisha mafuta kwa sababu ya daftari, na watu wa daftari wakasema hawana lazima ya kulipa sahani isiyo na mafuta. Kila upande ulikuwa na sababu, na sababu ya kila mmoja ilikuwa ni kosa la mwenzake.

Sisi twasema wazi kwamba pande hizi mbili hazilingani. Mpishi ni mtu wa kazi ya mikono. Torati ya Musa iliamuru mtu wa kibarua apewe ujira wake kabla ya jua kutua, kwa sababu ni maskini na roho yake inaungojea. Mtume Yakobo naye aliwatisha matajiri ambao ujira wa wavunaji wao ulibaki mikononi mwao na kupiga kelele. Tunapenda kuyasoma maneno hayo tukimfikiri mzungu wa kampuni, au waziri, au mkubwa mwingine aliye mbali. Mara chache tunamfikiri mama aliyeamka saa kumi ya usiku kuwasha makaa. Kampuni haikumlipa mfanyakazi, mfanyakazi hakumlipa mama, mama akalipunguza chungu. Kila mmoja akamtwika aliye chini yake. Lakini mama chini yake hakuwa na mtu, ila ile sahani iliyofunikwa pembeni.

Na sahani ile hakuipunguza.

Jambo hili limeleta maneno mengi mtaani, nasi hatutaki kulipita. Miaka yote ile, hata mwaka wa kijiko kimoja, sahani ya saa sita ilibaki. Tena wengine wanashuhudia kwamba sahani hiyo ndiyo ilikuwa na samaki mzima. Mteja mmoja mwenye kulipa taslimu alikasirika, akasema: «Basi sadaka yake anaitoa katika sahani yangu.» Msimcheke mtu huyu, maana hoja yake ina uzito. Kanisa linafundisha kwamba sadaka hutoka katika mali ya mwenye kuitoa. Zakeo aliposimama mbele ya Yezu alitoa nusu ya mali yake mwenyewe kwa maskini, na wale aliowadhulumu akawarudishia mara nne. Hakuchanganya mafungu hayo mawili. Kama mama alimnyima mwenye kulipa haki yake ili amlishe mjane, basi, kwa kanuni, alikuwa mkarimu kwa fedha ya mwingine.

Kwa kanuni, ndiyo. Lakini hebu tuhesabu. Sahani ya mjane ilikuwa moja kwa siku. Sahani za daftari zilikuwa kumi, kumi na tano, siku za mwisho wa mwezi zaidi. Ni nani basi aliyekula samaki wa yule mteja? Si mjane. Ni jirani yake wa benchi, aliyekaa kiwiko kwa kiwiko naye, mwenye shati safi, akisifu chakula na kusema «andika». Ajabu ni kwamba mtaani hakuna aliyemlaumu huyo. Wote walimwona mjane, kwa sababu sahani yake ilikuwa imefunikwa na ilionekana. Deni haionekani, iko ndani ya karatasi. Tena mjane ni rahisi kumlaumu. Hana jamaa wa kumtetea.

Limebaki shauri la ulimi. Watu walipoanza kuona kwamba sombe si ile, walifanya nini? Mbele ya mama walisema: «Leo umepika vizuri sana.» Nje walisema: «Zamani palikuwa mahali, sasa hakuna kitu.» Kisha wakaanza kwenda, mmoja mmoja, bila kuaga, kwenye nyumba mpya za kando ya barabara kubwa, zenye kuku wa kukaanga, viazi na muziki. Kwenda kula pengine si dhambi. Hakuna aliyefunga ndoa na chungu. Lakini Bwana wetu alituagiza kwamba ndugu akikosa tumwendee, sisi na yeye peke yetu, tuseme naye. Twalishika agizo hilo kwa walevi na kwa wanaoachana na wake zao. Kwa nini tusilishike kwa sombe? Wengine watajibu kwamba walinyamaza kwa heshima, maana mama ni mkubwa, na mtoto hamwambii mama yake kwamba hajui kupika. Heshima ya namna hiyo twaijua. Inamwacha mtu peke yake. Mtu mmoja tu, kadiri tulivyosikia, alimwambia, naye alikuwa fundi wa baiskeli aliyekula pale tangu ujana. Alimwita nyuma ya jiko, akasema: «Mama, mafuta.» Mama alinyamaza, kisha akalia, kisha majuma kadhaa sombe ikawa ileile ya zamani. Fundi yule alihama mjini, na jambo likarudi lilivyokuwa. Majuma yale kadhaa yanatosha kutuonyesha kwamba lilikuwa jambo la kuwezekana.

Mwisho wenyewe ulikuja upesi. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliipiga Zambia, hata serikali ya kule ikautangaza kuwa msiba wa taifa, na sisi wa Katanga, tunaokula unga wa Zambia kuliko wa mashamba yetu wenyewe (aibu hiyo tutaizungumza siku nyingine), tuliona bei ya gunia ikipanda kila juma. Nyumba zenye wateja wa taslimu zilivumilia. Nyumba ya mama haikuvumilia. Akafunga, akaenda kukaa kwa binti yake Katuba.

Sasa watu wanauliza, na ndiyo sababu iliyotufanya tuandike: madeni ya daftari lile, je, yamekufa pamoja na nyumba? Tumeulizwa jambo hili zaidi ya mara moja. Jibu ni hapana. Deni ya haki haiishi kwa mlango kufungwa. Aliye hai analipwa yeye mwenyewe. Aliyekufa wanalipwa warithi wake. Kama warithi hawapatikani, inawaendea maskini. Mama yu hai, kwa hiyo hakuna fumbo.

Wengine, wenye akili nyingi, wanasema: «Deni yangu ni ya mwaka 1992, imeandikwa katika zaire za zamani.» Nao wanapiga hesabu: zaire 3.000.000 kwa zaire mpya moja, zaire mpya 100.000 kwa franka moja, basi franka moja ya leo ni zaire za zamani 300.000.000.000. Deni yote ya daftari haifiki hata franka moja! Hesabu ni sahihi. Lakini ndugu, ulikula nini siku ile? Hukula zaire. Ulikula bukari, sombe na nusu samaki, ukashiba, ukarudi kazini. Fedha iliyokufa haikuliua deni la chakula. Mwenye kula sahani 12 aende leo sokoni Kenya, aulize sahani ya bukari na sombe na nusu samaki ni franka ngapi, azidishe mara 12, apeleke Katuba. Kama anaona sahani zile zilikuwa na maji ndani ya mafuta, apunguze kidogo kama dhamiri yake inavyomwambia, na amwambie mama kwamba amepunguza na kwa sababu gani. Huenda mama naye ana la kujibu.

Daftari bado liko. Kurasa za kwanza zimeguswa na mende, lakini majina mengi yanasomeka.